Shisha moja ni sigara ngapi?

Ubishi huu nimeusikia mara nyingi hadi nimeukariri. Mara ya mwisho ilikuwa uani kwa jamaa mmoja, Njiro, jijini Arusha, jioni ya baridi ya mwezi wa Julai, watu watano wakiwa wamelizunguka bomba moja la shisha lenye ladha ya zabibu na minti. Mmoja wao, ambaye hakuwa anavuta, alisema kwa sauti ya mtu aliyesoma mahali kwamba shisha moja ni sawa na sigara mia. Aliyeshika mpira wa kuvutia akapuliza moshi juu taratibu, akacheka, akamjibu: "Kaka, haya ni maji na matunda tu. Maji yanachuja kila kitu, ndiyo maana humwoni mtu akikohoa." Kila mmoja alirudi kwake akiamini kwamba ameshinda.

Kwa kweli hakuna aliyeshinda. Wa kwanza alikuwa na namba ya kweli, ila hakujua ni namba ya kitu gani, na wa pili alikosea katika jambo kubwa ingawa ndani ya kosa lake mlikuwa na chembe ya ukweli. Tatizo limo katika swali lenyewe, kwa sababu moshi si kitu kimoja. Ndani yake mna nikotini, mna lami, yaani uchafu mweusi unaonata unaoachwa na moshi, mna gesi ya kaboni monoksidi na mna kemikali nyingine nyingi, na shisha hutoa kila kimoja kwa uwiano wake, tofauti na uwiano wa sigara. Ukiuliza shisha moja ni sigara ngapi, utapata majibu mengi kadiri ya sumu unazozihesabu, na majibu hayo hayakaribiani hata kidogo.

Chombo na kilichomo

Tuanze na chombo, ambacho si kigeni kwetu kama vijana wengi wanavyodhani. Kamusi za zamani za Kiswahili zina msamiati kamili wa kiko cha maji. Bori ni kile kibakuli cha udongo kinachobeba tumbaku na moto; digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini; kiko chenyewe ni chombo cha maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi; na mdakale ni mrija unaoupeleka moshi mdomoni. Hata sauti ya maji yanapobubujika ilipewa jina, malio ya kiko. Bomba la kioo na chuma lililosimama pale Njiro lilikuwa na sehemu hizo hizo zote, na kwa kuwa maneno yapo, nitayatumia.

Kilichobadilika sana ni tumbaku. Ile inayovutwa leo katika shisha nyingi hujulikana kwa jina la Kiarabu la muasal, neno lenye mzizi mmoja na asali yetu, kwa maana ya kitu kilichotiwa asali. Ni majani ya tumbaku yaliyolowekwa katika molasi au asali, yakatiwa gliserini na ladha ya matunda. Muasal wa viwandani, uliofungwa katika pakiti za rangi, ndio uliolitoa bomba la maji katika vibaraza vya wazee wa Mashariki ya Kati kuanzia miaka ya 1990 na kulifikisha kwa wanafunzi wa vyuo duniani kote, kwa sababu uliiondoa ile karaha ya tumbaku kavu inayomkaba mgeni koo siku ya kwanza.

Nilimtazama kijana aliyekuwa akiandaa. Alichota muasal kwa vidole, ukamng'ang'ania kama ukwaju uliolowekwa, akaujaza bori bila kuushindilia, kiasi cha gramu kumi hivi. Akalifunika bori kwa karatasi ya foili, akaivuta hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma, halafu akaitoboatoboa kwa kijiti cha meno, duara ndani ya duara. Juu yake akapanga vipande vitatu vya mkaa wa vifuu vya nazi vilivyokwisha kuwa vyekundu kwenye jiko la umeme. Kisha akavuta yeye mwenyewe mara tano au sita kwa nguvu, mashavu yakibonyea, mpaka moshi ukawa mzito, ndipo akawapa wageni mpira.

Msomaji ashike jambo moja katika maelezo hayo: tumbaku haikuguswa na moto. Imetenganishwa na mkaa kwa karatasi nyembamba yenye matundu, nayo inaokwa badala ya kuwaka. Ncha ya sigara inapovutwa hufika nyuzi joto 900 hivi za Selsiasi, ilhali tumbaku ya shisha hubaki chini ya nyuzi 450. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoitaja, kwamba baadhi ya kemikali zinazozaliwa katika joto kali hupungua. Lakini ili tumbaku iokwe lazima kuwe na mkaa unaoungua muda wote, na hewa yote inayoingia kwenye bori hupita kwanza kwenye mkaa huo. Kwa hiyo anayevuta shisha anavuta vitu viwili kwa pamoja, tumbaku iliyookwa na mkaa ulioungua, na hicho cha pili hakiandikwi kwenye pakiti ya muasal.

Ile namba mia ilikotoka

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka wa ushauri kuhusu uvutaji wa tumbaku kwa bomba la maji, na humo ndimo namba ya sigara mia ilimopata nguvu. Hesabu yake ni nyepesi. Mvuta sigara kwa kawaida huvuta mara 8 hadi 12 katika dakika 5 hadi 7, kila mara akiingiza mililita 40 hadi 75 za moshi, na akimaliza sigara moja amevuta takriban nusu lita au zaidi kidogo. Mvuta shisha hukaa dakika 20 hadi 80, huvuta mara 50 hadi 200, na kila mara moja anaweza kuingiza kati ya asilimia 15 ya lita na lita nzima. Ukizidisha na kugawanya, unafika kwa urahisi kwenye moshi wa sigara mia na zaidi.

Namba hiyo ni ya ujazo wa moshi. Haisemi lolote kuhusu kilichomo katika kila lita, na moshi wa shisha, uliopozwa na maji na kuchanganyika na hewa nyingi, ni mwepesi kuliko wa sigara kwa baadhi ya vitu. Mwaka 2009 watafiti Thomas Eissenberg wa Marekani na Alan Shihadeh wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon, walichapisha jaribio ambamo watu 31 walivuta shisha kwa dakika 45 siku moja na sigara moja siku nyingine. Kwa wastani shisha iliwaingizia lita 48.6 za moshi, dhidi ya lita moja ya sigara. Lakini kilele cha nikotini katika damu kilikaribiana sana, nanogramu 10 na kidogo kwa kila mililita kwa vyote viwili. Mtu akiyatazama matokeo hayo kwa haraka anaweza kujifariji kwamba lita zote hizo hazikuwa na kitu. Atazame mstari mwingine wa jaribio hilo hilo: sehemu ya damu iliyokamatwa na kaboni monoksidi ilifika asilimia 3.9 baada ya shisha na asilimia 1.3 tu baada ya sigara, yaani mara tatu.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walikusanya tafiti za aina hiyo zilizokwisha kuchapishwa na kuzijumlisha kitakwimu. Walipolinganisha kikao kimoja cha shisha na sigara moja walipata moshi mara 125, lami mara 25, kaboni monoksidi mara 10 na nikotini mara 2 na nusu. Namba hizi nne, zikiwekwa kwenye mstari mmoja, ndizo jibu la ubishi wa Njiro. Anayesema mia yuko sahihi kwa moshi, anayesema kumi yuko sahihi kwa gesi, na anayesema mbili au tatu yuko sahihi kwa nikotini.

Hapa nina tahadhari mbili ambazo watoa elimu ya afya mara nyingi huziruka, na nadhani kuziruka huwapunguzia imani ya wasikilizaji. Kwanza, huo ni ulinganisho wa kikao kimoja na sigara moja. Anayevuta sigara kumi kwa siku amemaliza sabini kwa wiki. Anayevuta shisha kila Ijumaa amevuta mara moja. Kumwambia wa pili kwamba amevuta kuliko wa kwanza si kweli kwa nikotini, ingawa kwa lami na gesi amekwishaila sehemu nzuri ya mzigo wa mwenzake kwa usiku mmoja. Pili, majaribio mengi hupima mtu mmoja na bomba lake. Pale Njiro bomba moja lilizungukwa na watu watano, na moshi waliouvuta waligawana, isipokuwa ule uliokuwa ukielea kati yao, ambao kila mmoja aliupata bila kungoja zamu.

Nikotini, na maandishi ya kwenye pakiti

Nikotini huyeyuka katika maji, na kweli kiasi fulani hubaki kwenye kiko. Tatizo ni kwamba mwili wa mtu aliyezoea nikotini hauhesabu mara alizovuta. Unahesabu kilichofika ubongoni. Kama maji yamepunguza, mvutaji ataendelea kuvuta, tena kwa kina zaidi, hadi apate alichokifuata, na moshi uliopozwa unamruhusu kufanya hivyo bila koo kulalamika. Kwa njia hiyo maji yanayosifiwa kwa kuchuja ndiyo yanayomwezesha mtu kumeza kwa muda wa saa nzima moshi ambao angeushindwa katika dakika ya tatu kama ungekuwa wa moto.

Kuhusu kiasi chenyewe tuna vipimo. Mashine ya Beirut iliyoigiza mvutaji kwa kuvuta mara 171 kutoka gramu 10 za muasal ilikusanya miligramu 2.94 za nikotini kwenye moshi. Kundi la watafiti wa San Francisco lilipima mwaka 2011 nikotini iliyoingia kweli katika miili ya watu 16 waliovuta shisha mara moja, likapata wastani wa miligramu 2.5, sawa na sigara mbili hadi tatu. Njia mbili tofauti zilifika karibu na mahali pamoja.

Sasa chukua pakiti ya muasal. Nyingi huandikwa kwa maandishi madogo kwamba nikotini ni asilimia 0.05 na lami ni asilimia 0. Namba ya kwanza inaonekana ya kupuuzwa, lakini ipigie hesabu: asilimia 0.05 ya gramu 10 ni miligramu 5. Sigara ina tumbaku isiyofika hata gramu moja, na mvutaji huondoka na nikotini ya miligramu moja au moja na nusu hivi. Kilichofichwa na ile asilimia ndogo ni uzito wa kilichojazwa kwenye bori. Tena vipimo vilivyofanywa katika maabara mbalimbali vimeonyesha kwamba kiasi halisi hutofautiana mno kati ya pakiti na pakiti, na hakilazimiki kufuata kilichoandikwa.

Namba ya pili ni ya kuchekesha zaidi. Lami haimo katika tumbaku yoyote, iwe ya shisha au ya sigara, kwa sababu huzaliwa tumbaku inapopata moto. Kuandika kwenye pakiti kwamba lami ni sifuri ni sawa na muuza kuni kukuandikia kwamba kuni zake hazina majivu. Ile mashine ya Beirut, baada ya kuvuta mara zake 171, ilikuta miligramu 802 za lami. Kwa haki niongeze kwamba lami hiyo haifanani kabisa na ya sigara, kwa kuwa ilitoka katika joto dogo na ina gliserini nyingi ndani yake, hivyo gramu kwa gramu haziwezi kulinganishwa moja kwa moja. Lakini hiyo asilimia sifuri haina maana yoyote.

Mtu akivuta, nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20, huamsha mfumo wa dopamini unaotoa hisia ya kuridhika, huku moyo ukienda mbio na shinikizo la damu likipanda. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kuondolewa mwilini. Kwa mvuta sigara, kushuka huko ndiko kunakomwamsha asubuhi akitafuta kiberiti. Kwa mvuta shisha uraibu huingia kwa mlango mwingine. Bomba haliwekwi mfukoni, linahitaji mkaa, muda na watu, kwa hiyo mwanzoni hamu hufungamana na jamaa, muziki na siku ya mwisho wa wiki, naye hujiona huru kwa sababu anakaa siku sita bila kuvuta. Dalili za kubadilika ni za kimyakimya. Anaanza kuwa yeye anayewapigia wengine simu, kisha anakubali kuvuta peke yake, kisha bomba linanunuliwa na kuhamia nyumbani. Vijana wako hatarini zaidi, kwa kuwa ubongo huendelea kukua hadi miaka ya ishirini na tano hivi, na nikotini hujiwekea nafasi ndani yake mapema.

Mkaa haujui kazi uliyowekewa

Kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapobana Arusha, kuna nyumba inayoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga madirisha na kulala. Kila mkazi wa huku anaijua hadithi hiyo na anajua inavyoweza kuisha. Inanishangaza kwamba mtu yule yule anayemgombeza mdogo wake kwa kulala na jiko anaweza kukaa saa nzima akivuta hewa iliyopitishwa makusudi juu ya vipande vitatu vya mkaa mwekundu.

Ni gesi ile ile. Watafiti wa Beirut walipobadilisha mkaa kwa kifaa cha umeme chenye joto sawa, waligundua mwaka 2008 kwamba takriban asilimia 90 ya kaboni monoksidi katika moshi wa shisha ilikuwa imetoka kwenye mkaa, si kwenye tumbaku, na kwamba mkaa ulichangia pia sehemu kubwa ya zile kemikali nzito za moshi zinazosababisha saratani. Maji hayaisaidii hali hii hata kidogo, kwa kuwa kaboni monoksidi karibu haiyeyuki katika maji. Hupanda ndani ya mapovu kama ilivyoingia, na kufuata mdakale hadi mapafuni.

Ikifika huko hujishika kwenye himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na sehemu iliyoshikwa haibebi oksijeni tena. Mvutaji huanza na kichwa kuwa chepesi, kisha kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na wapo waliozimia na kufikishwa hospitali. Wengi huita hali ya mwanzo stimu na kuidhani kuwa ndiyo raha waliyoilipia. Sehemu yake ni nikotini, lakini sehemu nyingine ni ubongo unaodai oksijeni.

Kwa mji unaoishi kwa mlima, kama Moshi chini ya Kilimanjaro, jambo hili lina upande wake. Katika hewa ya kawaida, mwili huhitaji muda wa saa 4 hadi 6 kuondoa nusu tu ya kaboni monoksidi iliyoshika damu. Mpagazi au mwongoza watalii aliyevuta hadi usiku wa manane na kuingia kwenye gari la lango la Machame alfajiri anaanza kupanda akiwa bado na sehemu ya damu yake imekaliwa. Akiwa ameketi uani haoni tofauti. Lakini anaelekea kwenye hewa inayopungua kila saa, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako oksijeni ni karibu nusu ya ile ya pwani, na huko kila asilimia ya damu ina kazi.

Na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni jioni kambini, ambacho viongozi wengi wa safari hukitumia kupima oksijeni, hakitamsaidia. Kifaa hicho husoma rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyoshika kaboni monoksidi ni nyekundu inayong'aa karibu sawa na iliyoshika oksijeni. Kwa hiyo kinaweza kuandika 97 au 98 wakati sehemu ya namba hiyo ni gesi. Hili linahusu zahanati pia: mtu aliyezimia baada ya shisha akipimwa kidole na kuambiwa yuko sawa, hajapimwa bado. Kipimo cha kweli ni cha damu katika mashine maalumu au cha pumzi, na tiba ya kwanza ni kumpeleka kwenye hewa safi na kumpa oksijeni, ambayo hupunguza muda ule wa saa nyingi hadi kama saa moja na nusu.

Madhara ya miaka, na njia za mkato

Madhara ya polepole ni magumu kuonyeshwa uani. Tafiti zimeihusisha shisha na saratani ya mapafu na ya mdomo, magonjwa ya moyo na ya njia ya hewa, magonjwa ya fizi, na kwa wajawazito kuzaa watoto wenye uzito mdogo. Ushahidi huo bado ni mchache kuliko wa sigara, kwa sababu sigara imefuatiliwa kwa miongo mingi na muasal wa viwandani ni wa juzi. Lakini hatuanzi gizani, kwa kuwa kemikali zenyewe tunazijua. Mwaka 2013 watafiti wale wa San Francisco waliwafuatilia watu 13 wanaovuta vyote viwili, siku kadhaa za shisha tupu na siku kadhaa za sigara tupu. Siku za shisha walipata nikotini kidogo, lakini kaboni monoksidi na benzeni zaidi. Na benzeni husababisha saratani ya damu. Moyo na uboho wa mifupa haviulizi nikotini ilikuwa kiasi gani.

Ndiyo maana ile njia ya mkato ya shisha isiyo na tumbaku, inayouzwa kama ya mitishamba, haifiki mbali. Ilipopimwa, moshi wake ulikuwa na lami, kaboni monoksidi na kemikali za saratani kwa kiwango kinacholingana na cha muasal wa kawaida, isipokuwa nikotini. Anayeichagua ameondoa uraibu na kubaki na sumu, na huo ni unafuu kwa mtu anayetaka kuacha lakini si kwa mapafu yake.

Njia nyingine ni kidomo cha plastiki ambacho kila mvutaji hupewa chake. Kinasaidia kwa magonjwa ya mate, kama malengelenge ya mdomo. Kwa kifua kikuu, ambacho tunakijua vizuri huku kaskazini, penye hospitali ya Kibong'oto ya magonjwa ya kuambukiza mkoani Kilimanjaro, hakisaidii, kwa sababu ugonjwa huo husafiri hewani mtu anapokohoa, na watu watano waliokaa karibu karibu kwa saa mbili ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya baridi wamekwisha kushirikiana hewa kabla ya kushirikiana mpira.

Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na Julai 2016 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipiga marufuku shisha nchini Tanzania; Kenya na Rwanda zilifuata Desemba 2017. Mjadala wetu wa wakati ule uliegemea sana hofu ya dawa za kulevya kuchanganywa humo. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini iliacha mwanya, maana watu wengi walielewa kwamba shisha isiyochanganywa na kitu haina neno, na mazungumzo juu ya mkaa hayakufanyika kabisa.

Yule kijana wa Njiro nilimkuta baadaye nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya jiko la umeme akigeuza vipande vya mkaa kwa koleo ndogo. Yeye havuti, aliniambia, ni kazi tu. Huitwa kwenye shughuli mbili au tatu kwa wiki. Nilimhesabia: mabomba manne usiku ule, kila moja analiwasha kwa kuvuta mara tano au sita, na kila baada ya dakika ishirini anabadilisha mkaa, akiinama na kuupuliza majivu usoni pake. Huko New York wafanyakazi wa kumbi za shisha wamepimwa pumzi kabla na baada ya zamu, na kaboni monoksidi ilikuwa imepanda. Nikamuuliza kama kichwa humuuma. "Kila shughuli, mzee," akasema, akichukua kipande chekundu kwa koleo na kukipeleka uani. "Nikifika nyumbani nameza panado, nalala. Ni usingizi tu huo."